Kuchimba makuta na kadi ya grafiki: programu inafanya nini, na makuta inaingia mu mufuko wa nani

Mu Kivu, mu Ituri na mu Maniema, neno kuchimba halihitaji maelezo. Kuna shimo, kuna beche na baramine, kuna PDG wa shimo, kuna negosiya anayengoja chini ya mulima na mizani yake. Lakini miaka hii neno hilo limeingia fasi ingine: mu vikundi vya WhatsApp. Mutu anatuma ujumbe, "tunachimba Bitcoin, hakuna jasho, weka tu programu hii". Wengine wanaomba dola 20, wengine 100, wengine wanasema ni bure kabisa. Na kijana mwenye ordinatere yenye nguvu, ile alinunua juu ya michezo ao juu ya kutengeneza video za ndoa, anajiuliza kama mashini hiyo inaweza kumulipia minervale.

Kazi hiyo iko ya kweli. Iliwaletea watu faida kubwa kwa miaka fulani, na sehemu yake kubwa ilikufa tarehe 15 Mwezi wa 9 mwaka wa 2022. Kilichobakia ni kidogo, na wezi wamekaa pembeni yake. Ili mutu atofautishe programu ya kweli na mutego, inafaa kwanza ajue programu yenyewe inafanya kazi gani usiku na muchana.

Kufuli moja, funguo milioni

Bitcoin haina benki. Iko na daftari moja, na ordinatere maelfu duniani zinachunga nakala yake. Karibu kila dakika 10, ukurasa mupya unaongezwa. Nani ana haki ya kuandika ukurasa huo na kulipwa? Mutu huyo, ao watu hao, waliojiita Satoshi Nakamoto na kuanzisha mutandao huo Mwezi wa 1 mwaka wa 2009, waliweka sheria moja: ataandika yule ambaye mashini yake itakuwa ya kwanza kupata namba fulani.

Namba hiyo haipatikani kwa akili wala kwa diplome. Inapatikana kwa kujaribu tu. Mashini inachukua ukurasa, inaongeza namba yoyote, inapitisha yote mu hesabu inayoitwa heshi, kisha inaangalia kama jibu linaanza na zero za kutosha. Haziko? Inabadilisha namba, inajaribu tena. Ni kama mutu aliye mbele ya kufuli ya namba na hana dokezo lolote: anazungusha, anavuta, anazungusha, anavuta. Mwenye kufungua analipwa Bitcoin 3.125, ile ndiyo bei tangu Mwezi wa 4 mwaka wa 2024. Na mashini zikiongezeka duniani, mutandao wenyewe unafanya kufuli kuwa nguvu zaidi. Unarekebisha kila kurasa 2,016, yaani karibu kila juma mbili. Njo maana kuongeza mashini hakuongezi Bitcoin hata moja. Kunaongeza paka ushindani na fakture ya umeme.

Mwanzoni watu walitumia prosesa ya kawaida ya ordinatere. Prosesa hiyo iko kama fundi mukubwa: anajua kazi nyingi, lakini iko na mikono michache. Kadi ya grafiki iko kinyume. Ni kundi la vibarua wadogo, kila mumoja anajua kazi nyepesi, lakini wote wanapiga pamoja. Kadi ya NVIDIA RTX 3070, kwa mufano, iko na vibarua hao 5,888. Walitengeneza kadi hizi juu ya kupaka rangi nukta mamilioni za picha inayotembea, na bila kujua wakatengeneza mashini inayofaa sana kwa kazi ya kujaribu kufuli.

Mu Mwezi wa 5 mwaka wa 2010, Laszlo Hanyecz, mwandishi wa programu huko Florida, Marekani, alitoa programu ya kuchimba na kadi ya grafiki, moja kati ya zile za kwanza kabisa. Ni yeye huyo ambaye tarehe 22 ya mwezi huo alilipa Bitcoin 10,000 juu ya pizza mbili. Watu wanamucheka mpaka leo kwa sababu ya pizza, lakini programu yake iliacha alama kubwa kuliko chakula chake. Satoshi mwenyewe alimwandikia akionyesha wasiwasi: kama wenye kadi kubwa wanakula yote, mutu wa kawaida mwenye ordinatere ndogo atakata tamaa. Ilifanyika ivo.

Mwaka wa 2011, munganga mumoja wa Australia, Con Kolivas, ambaye kazi yake ilikuwa kulalisha wagonjwa kwa dawa mbele ya opereshoni, aliandika CGMiner. Watu wengi waliitumia sababu ilikuwa ya wazi, kila mutu aliweza kusoma namna ilivyoandikwa. Mwaka wa 2013 zikafika mashini mupya zinazoitwa ASIC, ambazo zinajua paka hesabu moja tu ya Bitcoin na hakuna kingine. Kadi ya grafiki ikashindwa kabisa. CGMiner yenyewe, mwaka ule ule, ikatoa sehemu ya kadi za grafiki ndani yake.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Tangu mwaka wa 2013, mutu akisema "kadi yako itachimba Bitcoin", anadanganya ao anasema nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli iko hivi: kuna huduma, kama vile NiceHash ya Slovenia iliyoanza mwaka wa 2014, ambapo kadi inafanya hesabu za sarafu zingine kwa ajili ya mutu aliyekodi nguvu yake, na malipo yanatolewa kwa Bitcoin. Kadi inalipwa Bitcoin. Haiichimbi.

Kilichookoa kadi za grafiki ni Ethereum, iliyoanza tarehe 30 Mwezi wa 7 mwaka wa 2015. Wenye kuitengeneza walichagua hesabu inayokula memwari kuliko kula nguvu ya prosesa, makusudi ili ASIC zisipate njia kirahisi. Programu ilipaswa kwanza kujenga faili kubwa ndani ya memwari ya kadi, na faili hiyo ilikuwa inanenepa polepole mwaka kwa mwaka. Mu Mwezi wa 12 mwaka wa 2020 ilipita giga 4, na karibu siku hizo kadi nyingi za giga 4 zikatoka mu kazi ya Ethereum. Wenye kuzinunua kwa bei kubwa miezi michache mbele walijikuta na chuma tu.

Programu inafanya nini hasa

Programu ya kuchimba si kitu kikubwa. Nyingi hazina hata dirisha la picha. Zinafungua kioo cheusi chenye maandishi yanayopita. Inaongea na piloti ya kadi, inapeleka hesabu kwa vibarua wale maelfu, inahesabu wamejaribu mara ngapi kwa sekunde, inaangalia joto na mwendo wa ventilatere, na ikiona kadi moja imekwama inaanza upya. Kwa Ethereum, RTX 3070 ilikuwa inajaribu karibu mara milioni 60 kwa sekunde.

Lakini kadi moja peke yake, hata ikijaribu mara milioni 60, inaweza kungoja miaka bila kufungua kufuli hata mara moja. Njo maana watu wanaungana. Mwaka wa 2010, Marek Palatinus wa Ucheki alianzisha kikundi cha kwanza cha wachimbaji, kile wanaita puli. Mutu wa hapa anaweza kukielewa haraka. Mu shimo, wachimbaji wanashuka pamoja, wanapandisha mifuko, na siku mawe mazuri yanatoka wanagawa kulingana na mifuko ya kila mutu. Puli inafanya ivo. Inapatia kila mashini kufuli nyepesi kidogo, na kila mara mashini inafungua kufuli hiyo nyepesi, inatuma ushahidi: "nimefanya kazi". Ushahidi huo hauna bei yenyewe, ni kama kuhesabu mifuko. Siku mumoja wa kikundi anafungua kufuli ya kweli, makuta inagawanywa. Na PDG wa puli anakata sehemu yake, mara nyingi asilimia 1 ao 2. Haiko kama likirimba, ambapo zamu ya kila mutu inajulikana. Hapa zamu inategemea kazi na bahati ya kikundi chote.

Ili programu ianze, inahitaji vitu vitatu, na vyote vinaandikwa mu mustari mumoja: adresi ya puli, adresi ya pochi ya kupokelea makuta, na jina la mashini. Ni hapo kwenye kitu cha pili wizi mwingi unafanyika.

Adresi ya pochi ni mustari mrefu wa herufi na namba ambao hakuna mutu anaweza kuushika kwa kichwa. Mutu anayekuja "kukusaidia" kuweka programu anaweza kuandika adresi yake mwenyewe. Kadi inapata joto, ventilatere inalia, mita inakimbia, kioo cheusi kinaonyesha kazi inaendelea vizuri kabisa, na makuta inaingia mu pochi ya mwingine. Hakuna kosa litakaloonekana, sababu kwa programu hakuna kosa: imetii amri. Kuna pia virusi ambavyo kazi yao ni moja tu, kungoja mutu akopie adresi ya pochi, kisha kuibadilisha kimya mbele aibandike. Wenye kazi hii wanasoma herufi tano za kwanza na tano za mwisho kila mara. Inachukua sekunde kumi.

Namna ya kuhakikisha ipo, na haiombi utaalamu. Puli karibu zote ziko na ukurasa ambapo mutu anaweka adresi ya pochi yake na kuona mashini ngapi zinafanya kazi juu yake na kiasi gani kimekusanywa. Kama adresi yako haionyeshi kitu na ventilatere inalia tangu jana, kuna mutu anakula.

Jambo lingine ambalo linachanganya watu: adresi ya pochi inaweza kuonyeshwa kwa kila mutu, kama namba ya telefoni ya kupokelea Airtel Money. Lakini yale maneno 12 ao 24 ya siri ambayo pochi inatoa siku ya kwanza ni kama namba ya siri ya M-Pesa, na zaidi, sababu hakuna ajensi wala service ya wateja ya kufungia akonti. Programu ya kuchimba haiyahitaji hata siku moja. Programu ao mutu anayeyaomba, ameshajitambulisha.

Nani anakula asilimia

CGMiner ilikuwa bure na ya wazi. Wakati wa Ethereum, ethminer nayo ilikuwa ya wazi. Lakini nyingi kati ya zile zilizopendwa zaidi zilikuwa zimefungwa, hakuna mutu wa inje aliyeweza kusoma ndani: Claymore kwanza, kisha PhoenixMiner, T-Rex juu ya kadi za NVIDIA, TeamRedMiner juu ya kadi za AMD, lolMiner, NBMiner, Gminer. Sababu watu walizikubali ni moja, zilikuwa na mbio kidogo kuliko zile za wazi. Na waandishi wao walilipwa namna ya kipekee: kwa muda mufupi, mara kwa mara, programu inaacha pochi yako na kuchimba juu ya pochi ya mwandishi. Claymore ilikata asilimia 1, PhoenixMiner 0.65. Iliandikwa wazi mu maelezo, haikuwa wizi. Lakini inaonyesha kitu: programu ileile inayotii adresi yako inaweza kutii ingine, na mutumiaji anaamini tu kwamba itafanya ivo kwa ule muda ulioandikwa.

Mwandishi wa Claymore hakujulikana jina lake la kweli, na wa PhoenixMiner hivyohivyo. Wote wawili siku moja waliacha kutoa matoleo mapya. Watu walioendelea kutafuta "toleo jipya" la Claymore ao PhoenixMiner walikuwa wanatafuta kitu ambacho hakipo, na pale ambapo watu wanatafuta kitu ambacho hakipo, mwizi atakitengeneza.

Hadithi ya kufuli ya NVIDIA inaonyesha hiyo vizuri. Mu mwaka wa 2021, wachezaji wa michezo ya video walikuwa wanalia kwamba kadi zote zinakwenda kwa wachimbaji. NVIDIA ikatoa RTX 3060 mu Mwezi wa 2 ikiwa na kizuizi: kadi ikigundua hesabu ya Ethereum, inapunguza mbio karibu nusu. Mwezi uliofuata kampuni hiyohiyo ikatoa, kwa kukosea, piloti ya majaribio iliyoondoa kizuizi. Ikakiweka tena, na kukiongeza ku kadi zingine. Waandishi wa programu za kuchimba wakaanza kukipunguza kidogo kidogo. Mu Mwezi wa 2 mwaka wa 2022 mutu akatangaza chombo kitakachofungua kadi zote kabisa. Watu walikingoja kama mvua. Wataalamu walipokifungua wakakuta haifungui kufuli yoyote. Ndani mulikuwa virusi tu. Kufungua kwa kweli kulikuja mu Mwezi wa 5, na NiceHash, miezi minne tu mbele ya mwisho wa kuchimba Ethereum.

Wakati antivirusi inapiga kelele

Kila mutu anayejaribu kuweka programu hizi anakutana na antivirusi inayokataa. Na maelezo yote yanasema: "hiyo ni kawaida, izime". Ni kweli na si kweli. Antivirusi inakataa sababu wezi wanatumia programu zilezile za halali. XMRig, kwa mufano, ni programu ya wazi na ya heshima ya kuchimba sarafu ya Monero, hasa na prosesa. Lakini ndiyo ileile ambayo wezi wanapenda kuficha ndani ya mashini za watu wengine, ikichimba kwa siri juu ya pochi yao. Mwisho wa mwaka wa 2022 wataalamu walikuta kurasa za uongo zinazotoa MSI Afterburner, chombo ambacho wachimbaji na wachezaji wanatumia kurekebisha kadi. Mwenye kuichukua hapo alipata Afterburner ya kweli, na XMRig iliyojificha chini yake.

Kwa ivo antivirusi haiwezi kumwambia mutu kama programu ni ya mwizi. Inamwambia tu kwamba ni programu ya kuchimba. Kinachobakia ni kujua ilitoka wapi. Faili iliyotumwa mu WhatsApp, ao kwenye flashi ya rafiki ya rafiki, haina fasi ya kuhakikisha. Ile iliyochukuliwa kwa mwandishi mwenyewe iko na alama ya heshi iliyoandikwa pembeni yake, ambayo mutu anaweza kulinganisha. Heshi moja na ileile inayotumika kuchimba, sababu kazi yake ya kwanza ni kutambua kama kitu kimebadilishwa hata herufi moja. Wenye kufanya kazi hii kwa makini wanatumia mashini ya peke yake, mara nyingi na mfumo wa Linux wa wachimbaji kama HiveOS, na hawagusi juu yake benki, meseji wala picha za familia.

Kuna pia walioibiwa bila kupakua kitu. Kati ya mwaka wa 2017 na Mwezi wa 3 mwaka wa 2019, huduma iliyoitwa Coinhive iliwezesha ukurasa wa intaneti kuchimba Monero na prosesa ya kila mutu anayeusoma. Ilifungwa, lakini mazoea hayakuisha. Mu siberkafe, kama ordinatere inalia na kupata joto wakati hakuna mutu anafanya kazi, na kazi inashuka ghafula mara unapofungua orodha ya programu zinazotembea, hiyo ni dalili nzuri ya kutafuta.

Hesabu ya umeme

Sasa makuta. RTX 3070 iliyorekebishwa vizuri kwa Ethereum ilikuwa inakula wati karibu 120. Ordinatere inayoibeba inaongeza, tuseme, 80. Ni wati 200, saa 24, yaani kilowati-saa 4.8 kwa siku. Kama kilowati-saa moja inauzwa senti 25 za dola, ni dola 1.20 kwa siku, dola 36 kwa mwezi. Senti 25 ni mufano tu. Kila mutu aweke bei ya konteri yake. Mwenye jeneretere aweke bei ya mafuta, na hapo anaweza kuacha kuhesabu mara moja.

Wakati wa bei kubwa ya mwaka wa 2021, kadi kama hiyo ilizidi gharama hiyo mara kadhaa. Leo, kwa sarafu zilizobakia, mara nyingi kadi moja haifikishi hata umeme wake. Na hesabu hiyo inachukua kwamba umeme haukatiki. Kila mara kuran inaenda na kurudi kwa nguvu, ni kadi na alimentasyo yake ndivyo vinapokea kipigo. Puli halipi juu ya saa za giza, na chombo kilichoungua hakuna mwenye kukirudisha.

Jambo la kushangaza ni kwamba mashariki ya Congo iko na fasi moja ambapo hesabu hiyo iliwahi kutoka sawa. Ku Luviro, mu Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilijenga barrage ya megawati zaidi ya 14. Turbini zilianza kuzunguka mbele nyaya hazijafika kwa wanunuzi wa kutosha. Mwaka wa 2020, watalii wakiwa hawaji juu ya vita na korona, hifadhi iliweka kontena za mashini za kuchimba Bitcoin pembeni ya mutambo, ili maji yasipite bure. Watu wamebishana sana juu ya uamuzi huo: wengine wanaona makuta ya kulipa walinzi, wengine wanauliza kwa nini umeme unapewa mashini wakati vijiji vya jirani viko gizani. Hata mutu awe upande gani, afahamu tofauti mbili. Zile ni ASIC, haziko kadi za grafiki. Na zilikula umeme ambao, saa ile, haukuwa na mununuzi mwingine. Mutu wa Katindo ao wa Kadutu anayelipa konteri yake hayuko mu hali hiyo.

Siku kazi ilipokufa, na kilichobakia

Tarehe 15 Mwezi wa 9 mwaka wa 2022, Ethereum iliacha kuchimba. Sasa haki ya kuandika ukurasa inapewa wale walioweka sarafu zao kama dhamana, na shirika la Ethereum linasema umeme ulishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa siku moja, kadi mamilioni zilikosa kazi. Zilikimbilia Ethereum Classic, Ravencoin, Ergo na zingine ndogo, lakini kikombe kidogo hakiwezi kunywesha mukutano mzima. Mapato yakaporomoka mu masaa machache. Kaspa ilileta tumaini kidogo, kisha mu mwaka wa 2023 ASIC zikafika hata kwake.

Programu bado zinatolewa. Kuna watu wanaochimba sarafu ndogo ndogo mu inchi ambako wanapashwa na joto la kadi wakati wa baridi, ao wanaoamini kwamba sarafu isiyo na bei leo itapanda kesho. Hiyo ni kamari, na wengi wao wanasema ivo wenyewe bila haya.

Juu ya telefoni, jibu ni fupi. Apple mu Mwezi wa 6 na Google mu Mwezi wa 7 mwaka wa 2018 zilikataza mu duka zao programu zinazochimba ndani ya telefoni. Ile programu yenye kitufe cha kugusa mara moja kwa siku na kusema "unachimba" haichimbi kitu. Inahesabu kwamba umegusa, na mara nyingi inakuomba ulete wengine. Na ile inayoomba dola 100 leo ili "mashini yetu ya inje" ikulipe kila juma, kwa makuta ya wale watakaoingia nyuma yako, wazee wanaijua kwa jina lingine. Mwaka wa 1991, ku Kinshasa, iliitwa Bindo, na haikuhitaji ordinatere hata moja.

Kinachoweza kufika huku zaidi kuliko faida ni kadi zenyewe. Baada ya 2022, kadi nyingi zilizochimba usiku na muchana ziliingia mu soko la okazyo duniani, na zingine zinasafiri mpaka mu ordinatere zinazouzwa Goma, Butembo, Bunia na Bukavu. Kadi iliyochimba haiko lazima mbovu. Iliyotunzwa kwa joto moja inaweza kuwa nzima kuliko ile ya muchezaji aliyeiwasha na kuizima kila siku. Lakini ventilatere inachoka, na memwari iliyokaa karibu ya digri 100 kwa miaka inaanza kuonyesha nukta za rangi ku ekra. Munuzi aombe iwashwe na kufanyishwa kazi nguvu dakika 20 mbele ya macho yake, asikilize mulio, aangalie joto linasimama wapi. Aangalie pia kama inaonyesha picha kabisa, sababu kuna kadi zilizotengenezwa juu ya kuchimba tu, hazina hata tundu la kuchomeka ekra. Mwenye kuuza akikataa kuiwasha, bei haijalishi tena.